MGENI NJOO, LAKINI MWENYEJI NI NANI?



Kuna neno moja ambalo limekuwa kama kufuli mdomoni mwa mfanya kazi wa nchi hii, na katika karatasi hii ya chama twataka kulivunja. Neno lenyewe ni "sura ya nchi". Kila utangazwapo mkutano mkubwa wa mataifa, au michezo, au ziara ya mkubwa fulani kutoka ng'ambo, neno hilo hutolewa kabatini, likapanguswa vumbi, likawekwa mezani mbele ya mtu anayedai haki yake. Ukiomba nyongeza ya mshahara, waambiwa ngoja, wageni waja. Ukiuliza malipo ya ovataimu, waambiwa nyamaza, magazeti ya Ulaya yasikia. Ukitaja mgomo, basi umekuwa adui wa taifa, mtu asiye na haya, mchafuzi wa jina la nchi. Wageni wakiisha kwenda zao, nawe ukirudi na dai lako lile lile, waambiwa fedha zimekwisha. Zilikwisha vipi? Zilitumika kwa wageni.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 lilipewa nchi zetu tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, mnamo Septemba 2023, na tangu hapo neno hilo limeanza kutolewa kabatini tena. Kwa hiyo tumeona vema tuseme mapema, kabla ya zulia kutandikwa, maana zulia likiisha kutandikwa huwa hakuna mtu wa kusikiza.

Hatusemi wageni ni wabaya. Sisi watu wa reli tumeishi kwa wageni. Wala hatusemi sura ya nchi ni kitu cha upuuzi. Nchi ina sura kama mtu alivyo na sura, na mtu mwenye akili hunawa uso kabla ya kwenda barazani. Tunachouliza ni hiki: sura hiyo ni ya nani, nani huitengeneza, na nani hulipwa kwa ajili yake?

Twajua biashara hii tangu zamani kuliko wengine, maana ilianzia kwetu relini. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kula zaidi ya pauni milioni 5 za Waingereza, na Wahindi karibu 2,500 walikuwa wamekufa katika kazi ile. Fedha ilipaswa irudi. Basi wenye reli wakachapa matangazo ya picha wakayabandika huko London, wakiwaita matajiri na watu wa nasaba waje kukaa siku za baridi katika nchi ya juu ya British East Africa. Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Alipopanda gari Mombasa aliwekewa kiti mbele kabisa ya injini, juu ya kile chuma cha kusukumia ng'ombe, ili aone nyati na twiga pasipo kizuizi. Akarudi kwao akaandika kitabu, na Wamarekani wengi wakakisoma. Tangu hapo, Mmarekani akisikia Kenya, aona twiga.

Twamlaumu Roosevelt? La. Kiti kilielekezwa mbele, naye akaona vilivyokuwa mbele. Nyuma ya mgongo wake alikuwako mtu akilisha moto, na mwingine akishika breki, na kila maili kumi na kitu alikuwako mtu wa kushika njia na nyundo yake begani, mtu ambaye asingekagua reli zile alfajiri, rais angeanguka bondeni pamoja na kiti chake. Hao hawakuingia katika sura. Mwenye kuweka kiti ndiye aamuaye mgeni ataona nini. Jambo hili halijabadilika kwa zaidi ya miaka mia.

Tutazame historia yetu wenyewe baada ya Uhuru. Mwaka 1973 mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ulifanyika Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano ule kufanyika katika bara la Afrika, nao haukurudi Afrika mpaka ulipokwenda Marrakech mwaka 2023, yaani miaka 50 baadaye. Jumba la KICC, ambalo mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU, lilipanuliwa kwa ajili ya wageni hao, likawahiwa kumalizwa, na Mzee Kenyatta akalifungua mwezi ule ule wa Septemba. Ni jumba zuri, na mafundi waliolijenga wana haki ya kujivuna. Hata leo mtu wa Nairobi akitaka kuonyesha mji wake kwa picha moja, ataonyesha jumba hilo.

Lakini mnajua kilichosemwa ndani yake? Mkuu wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alisimama pale akatoa hotuba juu ya umaskini mkubwa wa watu wa vijijini katika nchi changa, watu wasiofikiwa na maendeleo. Hotuba ile ikawa mashuhuri, nayo huitwa hotuba ya Nairobi hadi leo katika vitabu vya wachumi. Sasa fikirini, ndugu. Maskini alizungumzwa kwa siku kadhaa katika jumba lile, naye maskini alikuwa pale pale, akipitisha kahawa. Hakuulizwa. Alikuwa sehemu ya huduma, si sehemu ya mkutano.

Yako mambo mazuri pia, na tusiyaseme mabaya peke yake. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulileta Nairobi mkutano mkubwa wa wanawake wa ulimwengu. Pamoja na mkutano wa serikali kulikuwa na mkutano mwingine wa akina mama wa kawaida, wengi mno, waliokutana katika Chuo Kikuu, wakakaa juu ya majani na katika mahema wakibishana habari za kazi, ndoa, vita na mashamba. Mama wa India aliketi na mama wa Machakos. Hao walipokwenda kwao hawakuchukua twiga. Walichukua mazungumzo. Kwa akina mama wengi wa dunia, Nairobi ni jina la mahali walipopata nguvu, na maazimio ya mkutano ule yakaitwa kwa jina la mji wetu. Sura kama ile hainunuliwi kwa zulia. Ilipatikana kwa kuwa watu walikutana na watu.

Mwaka 2007 tulipata somo la pili, tena chungu. Mwezi wa Januari, Kongamano la Jamii Duniani lilikuja Kasarani. Huu ulikuwa mkutano wa wanyonge, ati; mkutano wa kupinga mabepari, wa watu wa vyama vya wafanya kazi, wakulima na makanisa kutoka pande zote. Na mlangoni mtu wa Kenya alitakiwa kulipa shilingi 500 apate kuingia. Shilingi 500, mwaka 2007, kwa mtu wa Korogocho ambaye makao yake yako jirani kabisa na uwanja! Kibarua hakuzipata kwa kutwa moja. Ndani, chakula kilikuwa cha bei ya hoteli kubwa. Watu wa mitaa ya mabanda wakaandamana mlangoni mpaka wakafunguliwa, na watoto wenye njaa wakaingia katika hema la chakula wakakinyakua. Habari ikaenda ulimwenguni. Watu walitoka Brazili na Ufaransa kuja kusikia sauti ya maskini wa Afrika, nao wakaisikia, lakini si katika jukwaa lililotayarishwa. Waliisikia katika kishindo cha sahani.

Nani aliharibu sura ya Kenya siku ile? Watoto? Au aliyeweka bei mlangoni?

Twauliza hivyo kwa sababu lawama ya kuharibu sura hutupiwa watu wa chini kila mara, hata kumbukumbu zikisema vingine. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, nasi tukanyang'anywa, likapelekwa Afrika Kusini. Je, wafanya kazi waligoma? Hapana. Matayarisho hayakuwa tayari. Tukapewa mashindano ya CHAN ya 2018. Mwezi wa Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya tena, yakaenda Morocco. Ni kibarua aliyekataa kuchanganya saruji? Viwanja vilichelewa, na viwanja huchelewa ofisini kabla ya kuchelewa kiwanjani. Aibu hizo mbili zilitangazwa kila mahali Afrika, na hatujasikia hata siku moja mkubwa yeyote akiitwa adui wa sura ya nchi. Jina hilo limewekwa akiba kwa ajili yetu.

Hatimaye mwezi wa Agosti 2025 tukaandaa CHAN pamoja na ndugu zetu wa Tanzania na Uganda. Harambee Stars, wakiwa kumi uwanjani, wakaifunga Morocco 1-0, na Kasarani ikanguruma. Nchi nzima ilifurahi, hata sisi tulio zamu usiku. Lakini watu walivunja milango wakaingia bila tiketi, na CAF ikaamuru tiketi za mechi ya Kenya iliyofuata zipunguzwe hadi 27,000. Katika mambo ya namna hii wa kwanza kukaripiwa ni bawabu, mtu aliyeajiriwa kwa siku, aliyepewa koti la rangi na filimbi asubuhi ile ile, akaambiwa azuie bahari. Hakufundishwa, hakupewa chakula cha mchana, na jina lake halimo katika kitabu chochote cha mshahara. Huyu ndiye uso wa kwanza wa Kenya auonao mgeni. Mnataka sura nzuri, nanyi mmeiweka mikononi mwa mtu mwenye njaa!

Sasa twende Afrika Kusini, maana huko ndiko jibu la wale wanaosema mgomo huua jina la nchi.

Kombe la Dunia la 2010 lilikuwa la kwanza kufanyika Afrika. Mwezi wa Julai 2009, mwaka mmoja kabla ya kuanza, wajenzi wapatao 70,000 waliweka zana chini, pamoja na waliokuwa wakijenga viwanja vya mashindano yenyewe. Magazeti ya Ulaya yalilia kama mtu aliyefiwa: viwanja havitakwisha, Afrika haiwezi. Mgomo ulichukua wiki moja hivi. Wajenzi wakapata nyongeza ya asilimia 12, wakarudi kazini, viwanja vikakwisha. Mwezi wa Mei 2010, wageni wakiwa wanafunga mizigo yao, ndugu zetu wa reli na bandari wa shirika la Transnet nao wakagoma, karibu wiki tatu. Makontena yalilala bandarini. Wakaambiwa yote tunayoambiwa sisi: hamna uzalendo, mmeaibisha Afrika nzima. Wakapata asilimia 11. Tarehe 11 Juni mpira ukaanza siku ile ile iliyopangwa.

Muulizeni leo Mjerumani au Mbrazili anakumbuka nini ya 2010. Hakuna atakayesema Transnet. Atasema vuvuzela. Na hapo pana jambo la kufikiri, maana kelele ile ile moja ilisikiwa namna mbili. Wazungu wengi waliokuwa nyumbani mbele ya televisheni waliiona kama nyuki waliochokozwa, wakataka ipigwe marufuku, na baadhi ya vituo vyao vikatafuta namna ya kuipunguza. Waafrika Kusini wakasema: hii ndiyo sauti yetu ya furaha, nanyi mmekuja kwetu. Mkuu wa FIFA akakataa kuizuia. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba iko sura moja ya nchi, imewekwa mahali kama picha ukutani, nasi twaweza kuikwaruza kwa dai la mshahara. Kila taifa hutazama kwa macho liliyolelewa nayo. Huwezi kuyapendeza yote, hata ukimfunga mdomo kila mtumishi wa nchi.

Lakini Afrika Kusini kuna sehemu ya pili ya hadithi, na hii wenye mali hawaipendi, wala baadhi ya viongozi wa vyama hawaipendi. Mashindano yalipokuwa yamekwisha anza, katikati ya Juni, mabawabu wa viwanja waligoma Durban na Cape Town. Walisema wamelipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Hao hawakupata asilimia 11 wala 12. Durban walitupiwa mabomu ya machozi, na polisi wakachukua nafasi zao milangoni. Kwa nini mtu wa reli alishinda na bawabu akashindwa, katika nchi moja, msimu mmoja? Kwa sababu mtu wa reli alikuwa na chama kilichosimama miaka mingi kabla ya kombe, na bawabu aliajiriwa kwa muda, akakusanya wenzake usiku ule ule alipokuta bahasha ni nyepesi. Alianza kuchimba kisima nyumba ikiwa inawaka. Shabaha ya makala hii ni hapo hasa, nasi tutarudi hapo.

Kwanza neno kidogo juu ya magari, mtusamehe, maana ni kazi yetu. Afrika Kusini walifungua reli ya Gautrain tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya kombe, kutoka uwanja wa ndege kwenda Sandton, mtaa wa matajiri. Haikwenda Soweto. Wajapani nao walifungua reli yao ya mwendo wa kasi, Shinkansen, tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Ilikwenda kilomita 210 kwa saa, na wageni wakashika vinywa. Lakini Wajapani hawakuijenga kwa ajili ya wageni hasa. Waliijenga kwa kuwa njia ya zamani kati ya Tokyo na Osaka ilikuwa imejaa abiria na mizigo hata haipumui. Watu wao wanaipanda hadi leo, na tangu 1964 hakuna abiria aliyekufa kwa magari hayo kugongana au kuacha njia. Ile ndiyo sura iliyobaki: kitu kilichofanywa kwa ajili ya wenyeji, wageni wakakikuta.

Tena, mwaka ule ule wa 1964 wafanya kazi wa serikali ya Japani, watu wa reli wakiwa miongoni mwao, walitangaza mgomo mkubwa wa tarehe 17 Aprili. Michezo ilikuwa miezi sita mbele. Waziri Mkuu Ikeda mwenyewe alikutana na kiongozi wa shirikisho la vyama vyao, Ota Kaoru, siku moja kabla, wakapatana juu ya namna ya kupima mishahara yao na ile ya kampuni za watu binafsi, na mgomo ukaachwa. Hivyo ndivyo nchi inavyolinda sura yake: mkubwa atoka ofisini akae na wafanya kazi.

Iko njia nyingine ya kulinda sura, nayo ilionekana Mexico mwaka 1968. Wanafunzi walikuwa wakidai haki zao, na michezo ilikuwa karibu. Tarehe 2 Oktoba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa Tlatelolco, na idadi ya waliokufa yabishaniwa hadi leo. Siku kumi baadaye michezo ikafunguliwa, na njiwa wakaruka. Katika michezo hiyo Naftali Temu alitupatia medali ya kwanza ya dhahabu, na Kipchoge Keino na Amos Biwott wakapata zao. Ni fahari yetu. Lakini leo mtu wa Mexico akiutaja mwaka ule, la kwanza linalomjia si mbio.

Na Qatar, ambako jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Vijana wa Kenya wamekwenda huko kwa wingi kuwa mabawabu, madereva na watumishi wa hoteli. Wako kati ya wasomaji wetu waliouza shamba au ng'ombe kumlipa wakala wa kazi. Qatar ilitumia mali nyingi mno kwa Kombe la Dunia la 2022 ili dunia iione kuwa kubwa. Dunia ikaona nini? Inategemea nani alitazama. Magazeti ya Ulaya yaliandika vibarua waliokufa kwa joto na kazi. Waarabu waliona kwa mara ya kwanza kombe likichezwa nchi ya Kiarabu, Saudia ikiipiga Argentina, Morocco ikifika nusu fainali, nao wakajivuna, na haki yao. Siku ya fainali, Amiri alipomvika Messi joho jeusi, watu wa Ulaya walinung'unika kwamba jezi imefunikwa. Mtu wa Mombasa au Lamu hakuhitaji kuelezwa. Ajua mtu huvikwa joho akiheshimiwa.

Nasi je, tuliona nini? Siku chache kabla ya fainali hiyo, kijana wa Kenya, bawabu katika uwanja wa Lusail, alianguka kutoka mahali pa juu akiwa kazini, akafa hospitalini. Hatutataja jina lake, wazazi wake waachiwe msiba wao. Kwa nyumba ile, sura ya Qatar ni sanduku lililoshushwa uwanja wa ndege.

Lakini tazameni na upande wa pili, kwa sababu hatuandiki ili watu walie tu. Kabla ya kombe, mfanya kazi mgeni wa Qatar hakuweza kuhama kwa tajiri wake bila ruhusa ya tajiri huyo. Mwaka 2020 sheria ile iliondolewa, na mwaka 2021 ukawekwa mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi kwa watu wa mataifa yote. Ni kidogo, na wengi wanalalamika kwamba sheria haifuatwi, na hata sasa mgeni huko hawezi kuunda chama. Hata hivyo, kwa nini walibadilisha? Huruma iliwajia usingizini? Hapana. Vyama vya wafanya kazi vya dunia viliwakazia macho mwaka baada ya mwaka, na wageni walikuwa njiani. Qatar iliogopa kuonekana vibaya. Hofu hiyo, ambayo kwetu hutumiwa kumnyamazisha mfanya kazi, kule ilitumiwa kumfungulia mlango.

Basi twasema waziwazi: msimu wa wageni si msimu wa kunyamaza. Huo ndio msimu ambao dai letu lina uzito, maana ndio msimu pekee ambapo wakubwa wanajali nani anatazama. Mwenye duka hupandisha bei wageni wakija. Mwenye hoteli hupandisha bei ya chumba. Hakuna amwitaye mwenye hoteli msaliti. Husemwa anajua biashara. Mfanya kazi peke yake ndiye anayetakiwa kuuza nguvu zake kwa bei ya zamani, kwa sababu ya mapenzi ya nchi.

Watatuletea methali, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Vema, twaikubali yote, na mwisho wake pia. Mwenyeji apone! Kama mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, basi aliyepona alikuwa mtu mwingine aliyejiita mwenyeji.

Na tuliosoma shule za misheni twakumbuka arusi ya Kana. Mkuu wa meza alionja divai akaisifu, wala hakujua imetoka wapi. Watumishi waliochota maji ndio waliojua. Kila mkutano wa mataifa unao watumishi wa namna hiyo. Wanajua mabomba yanavuja wapi, chakula kimelala siku ngapi, breki ipi imechoka, mlango upi haufungi. Wakiulizwa mapema, kazi huenda vizuri na mgeni husifu. Wasipoulizwa, hujua vilevile, ila hunyamaza, na mambo huharibika mbele ya kamera.

Sheria iko upande wetu kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 2010, ibara ya 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, si wa kutwa. Wakandarasi wa shughuli za wageni wanakijua kifungu hiki sana. Ndiyo sababu humwachisha mtu siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha humwita tena baada ya kupumzika kidogo, kwa jina lile lile na koti lile lile. Asiyeandika tarehe zake hana la kumwonyesha hakimu.

Kwa hiyo kazi ya chama ianze sasa, si wiki ya mechi ya kwanza. Mabawabu, wafagiaji, wapishi, madereva wa mabasi, vibarua wa viwanja, na wenzetu wa stesheni watakaoongezewa magari ya usiku, wote waandikwe. Mshahara wa siku, ovataimu, chakula, usafiri wa kurudi nyumbani usiku wa manane, na bima ya mtu akiumia, yote yawekwe katika mapatano yenye sahihi kabla mgeni wa kwanza hajashuka. Waajiri wakikubali, tutawapokea wageni kwa tabasamu ambalo halikulazimishwa. Wakikataa, wasije kutuambia habari za sura ya nchi wakati tumesimama nje ya lango.

Kila katibu wa tawi ameombwa afungue daftari. Mwanachama aliye na ndugu, mke au mtoto aliyeajiriwa kwa siku katika shughuli hizi amlete, hata kama si mtu wa reli, nasi tutamwonyesha chama kinachomfaa. Aje na tarehe alizofanya kazi, jina la mkandarasi, na malipo aliyopewa. Kama ana karatasi aje nayo, na kama hakupewa karatasi, hilo nalo liandikwe.

Wenu katika umoja,
Sisi wa tawi la reli